Kubembeleza na Kunyamazisha: Uteuzi wa Vitenzi katika Mafunzo ya Wazazi Wapya

Makala hii inafafanua tofauti ya kimaana baina ya vitenzi viwili vinavyotumika kuwafunza wazazi wapya namna ya kumtuliza mtoto mchanga anayelia, na inaonesha kwamba uteuzi wake unagusa usalama wa mtoto.

Kitenzi kunyamazisha kimeundwa kutokana na nyamaza kwa kiambishi cha usababishi -ish-. Maana yake hukamilika pale tu kilio kinapokoma. Kubembeleza, kwa upande mwingine, hutaja jitihada. Hutumika pia kwa mtu mzima anayesihiwa kwa upole, naye ana hiari ya kukataa. Ndiyo maana sentensi “Nilimbembeleza lakini hakunyamaza” inakubalika, ilhali “Nilimnyamazisha lakini hakunyamaza” inajipinga.

Tofauti hiyo inaafikiana na matokeo ya tafiti. Kilio cha mtoto mwenye afya huongezeka katika wiki za mwanzo, hufikia kilele katika mwezi wa pili, kisha hupungua. Hunziker na Barr (1986) walibaini kwamba watoto waliobebwa kwa muda wa ziada kila siku, hata wasipolia, walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofikia umri wa wiki 6. Hata hivyo, Barr na wenzake (1991) walipoijaribu njia hiyo kwa watoto wenye mchango, hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Kwa hiyo kumbeba mtoto, kumnyonyesha na kumwimbia bembelezi ni mbinu zinazostahili kufundishwa, lakini hakuna inayohakikisha ukimya.

Mzazi aliyefunzwa kunyamazisha huweza kukitafsiri kilio kinachoendelea kuwa ni kushindwa kwake. Hasira ikimpanda akamtikisa mtoto kwa nguvu, huweza kumsababishia kuvuja damu ubongoni, upofu au kifo. Mafunzo hayana budi kuitaja waziwazi hatua ya mwisho: mzazi aliyezidiwa amlaze mtoto chali mahali salama, aondoke dakika chache, atulie au aombe msaada, kisha arudi kumtazama. Mtoto mwenye homa au anayekataa kunyonya apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Inapendekezwa, basi, kwamba vitini vya kliniki vitumie kubembeleza kwa tendo la mzazi, na kunyamaza kwa tendo la mtoto mwenyewe.