Leja za Philadelphia na Sarafu Zilizovunja Rekodi

Sarafu iliyouzwa ghali kuliko zote mnadani ni ya dhahabu, ya dola 20, iliyopigwa Philadelphia mwaka 1933. Juni 2021 ilinunuliwa New York kwa dola 18,872,250, ilhali dhahabu iliyomo haifikii hata wakia moja. Aliyeinunua alilipia historia yake, na historia hiyo imeandikwa katika vitabu vya hesabu vya Kiwanda cha Sarafu cha Marekani, ambavyo leo vimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa chini ya Kundi namba 104.

Vitabu vinaonyesha kuwa mwaka ule zilipigwa sarafu 445,500 za aina hiyo. Aprili, Rais Franklin Roosevelt akaamuru wananchi wasalimishe dhahabu yao, na sarafu hizo hazikuruhusiwa kuingia kwenye mzunguko. Karibu zote ziliyeyushwa. Chache zilipenyezwa nje kwa wizi, na moja ikamfikia Mfalme Farouk wa Misri ikiwa na kibali halali cha kusafirishwa, kilichotolewa mwaka 1944 kabla maofisa hawajang'amua kilichotokea. Inayoaminika kuwa ndiyo hiyo ilipouzwa mwaka 2002, mnunuzi alilipa dola 7,590,020. Zile 20 za mwisho zilikuwa za Hazina: kwa mujibu wa leja, sarafu hiyo ilikuwa haijawahi kutolewa, hivyo ilibidi kwanza ilipiwe thamani yake ndipo itambuliwe kuwa fedha halali.

Zilipojitokeza nyingine 10 kwenye sanduku la benki, familia iliyokuwa nazo iliburutana na serikali mahakamani kwa miaka. Serikali ilitegemea makaratasi ya miaka ya thelathini yaliyofuatilia mwendo wa sarafu hizo kiwandani, nayo hayakuonyesha hata moja iliyotoka kihalali kwenda kwa mwananchi. Ikashinda, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwisho.

Kwa kosa kubwa la kwenye vitabu, naipa taji dola ya fedha ya 1804, na ndiyo sarafu ninayoipenda kuliko zote hizi kwa sababu inatuhusu. Leja ya mwaka huo inasema zilipigwa dola 19,570. Idadi ni sahihi, ila karani hakuandika kwamba mafundi walikuwa wakitumia mihuri ya zamani, yenye mwaka 1803 na iliyotangulia. Miaka 30 baadaye serikali ilitaka seti kamili za sarafu ziwe zawadi kwa watawala wa Mashariki. Wakafungua vitabu, wakaona dola ya mwisho ni ya 1804, wakachonga mihuri mipya yenye mwaka huo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa, mwaka 1834, sarafu yenye tarehe isiyo yake.

Seti moja ilibebwa na mjumbe Edmund Roberts, ikamfikia Sayyid Said bin Sultan huko Muscat mwaka 1835, mkataba wa biashara kati ya Marekani na himaya yake, Zanzibar ikiwemo, ulipothibitishwa. Watu wa Unguja wa zama zile wasingeshangazwa na tarehe ya uongo: riali ya Maria Theresa waliyoizoea kwenye biashara ilibeba mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mingi baadaye. Dola inayohusishwa na zawadi ya Sayyid Said iliweka rekodi ya mnada mwaka 1999, dola milioni 4.14, na mwaka 2021 ikafika milioni 7.68. Za 1804 zinazojulikana, pamoja na zile zilizopigwa baadaye zaidi kwa ajili ya wakusanyaji, ni 16 tu.

Mfano maarufu wa uchache ulioandikwa rasmi ni wa San Francisco: mwaka 1894, senti kumi za fedha 24 basi. Carson City, kule Nevada, ina maajabu yake. Mwaka 1873 kitabu kiliandika senti kumi 12,400 za uzito wa zamani, sheria ikabadili uzito mwaka huohuo, na leo inajulikana moja pekee. Ukitaka mstari wa mwanzo kabisa wa sarafu za matumizi ya kila siku, ni wa Machi 1793: senti 11,178 za shaba.

Kisha kuna zile ambazo leja hazizijui kabisa. Sarafu za senti tano za 1913 zenye kichwa cha Uhuru zipo tano duniani, na kiwanda hakikuandika hata moja. Ya ajabu zaidi ni senti tano ya fedha ya San Francisco ya mwaka 1870. Kwa kuwa vitabu havikuitaja, wakusanyaji hawakuwa na sababu ya kuitafuta, hadi moja ilipojitokeza mwaka 1978 ikiwa na herufi S ya kiwanda hicho. Ya pili haijapatikana.