Mchumi anayepima hatari ya vita kwa makundi

MAPEMA mwaka 2011 bei ya kakao katika soko la New York ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Sababu haikuwa ukame wala wadudu. Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ilikuwa katika mapigano baada ya uchaguzi, na Alassane Ouattara alikuwa ameagiza kakao isisafirishwe ili kumnyima mapato mpinzani wake, Laurent Gbagbo.

Nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa mifano ya kitabu kilichotolewa mwaka 2008 chini ya uhariri wa Frances Stewart, mchumi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Bi. Stewart, aliyezaliwa mwaka 1940, ni binti wa mchumi mashuhuri Nicholas Kaldor. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifundisha uchumi mjini Nairobi. Mwaka 1977 aliandika kwamba mitambo iliyobuniwa kwa ajili ya nchi tajiri haizifai nchi zenye nguvukazi nyingi na mtaji mdogo. Miaka 10 baadaye, pamoja na Giovanni Andrea Cornia na Richard Jolly, aliiandikia UNICEF utafiti uliodai marekebisho ya uchumi yawe na sura ya kibinadamu, baada ya bajeti za afya na elimu kupunguzwa.

Kipimo kipya

Suala lililompa sifa zaidi ni vita. Paul Collier, pia wa Oxford, na mwenzake Anke Hoeffler walipochambua takwimu za nchi nyingi, hawakuona kwamba pengo la kipato linaeleza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walisisitiza nafasi ya waasi kupata fedha, hasa katika nchi zinazotegemea kuuza mali ghafi.

Bi. Stewart alijibu kwamba kipimo chenyewe hakitoshi. Takwimu za kawaida hulinganisha mtu na mtu, au kaya na kaya. Watu hupigana kama makundi: kabila, dini au eneo. Kwa hiyo yafaa kulinganisha makundi, si kwa kipato tu, bali pia kwa vyeo, elimu, ardhi na heshima ya utamaduni wao.

Hatari huwa kubwa zaidi pale kundi lililo nyuma kiuchumi linapofungiwa pia mlango wa madaraka. Hapo wananchi wana manung'uniko na viongozi wao wana sababu ya kuwakusanya.

Ivory Coast ilifuata njia hiyo. Kaskazini ilikuwa masikini kuliko kusini tangu zamani, lakini Rais Félix Houphouët-Boigny aligawa vyeo kwa uangalifu hadi alipofariki mwaka 1993. Baadaye siasa za nani ni mwenyeji halisi zikashamiri. Ouattara, mtu wa kaskazini, alizuiwa kugombea urais mwaka 2000. Mwaka 2002 uasi ukaigawa nchi vipande viwili.

Malaysia ilichukua njia nyingine. Baada ya ghasia za Mei 1969, serikali iliweka lengo la Wamalay na wazawa wengine kumiliki asilimia 30 ya hisa za makampuni ifikapo mwaka 1990. Mwaka 1970 walikuwa na asilimia 2.4. Lengo halikufikiwa, lakini walivuka asilimia 19, na ghasia za kiwango kile hazikurudi.

Funzo kwa mwekezaji

Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa si kila wingu hunyesha. Nchi nyingi zenye pengo baina ya makundi zina amani, na Bi. Stewart mwenyewe anakubali hivyo. Hata hivyo, anayetaka kununua mazao au hisa nje ya nchi yake asiishie kwenye ukuaji wa uchumi na mfumuko wa bei. Aulize pia vyeo, leseni na ardhi viko mikononi mwa nani, na kama waliokosa mali wamekosa na sauti serikalini.