Aksanti na Ndizi: Mbinu za Wafunzaji wa Wanyama Ndani ya Ndoa

Sote tunaijua methali isemayo asante ya punda ni mateke. Katika makala hii nataka kueleza jambo ambalo wafunzaji wa wanyama wanalijua kuhusu asante, kisha nitasema kilichotokea nilipolipeleka nyumbani kwangu.

Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza majaribio yake na paka wenye njaa waliofungiwa ndani ya visanduku. Aliona kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, na lisiloleta kitu hufifia. B. F. Skinner aliendeleza wazo hilo kwa kutumia panya na njiwa. Kanuni yenyewe, ambayo twaweza kuiita uimarishaji chanya, ni nyepesi: ukitaka tendo lirudi, lifuatishe papo hapo na kitu anachokipenda mtendaji.

Mfano ulio karibu nasi uko Morogoro, Tanzania. Huko shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipatia, husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula kidogo, kwa mfano kipande cha ndizi. Akikosa hapigwi, hapati kitu, basi. Magawa, panya aliyefundishwa huko, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Aliyeziingiza mbinu hizi ndani ya ndoa na kusomwa na wengi ni mwandishi Amy Sutherland, katika gazeti la New York Times la tarehe 25 Juni 2006. Alikuwa ameenda California kuangalia wanafunzi wanaojifunza kufunza wanyama, akaona kwamba wanayoyafanya yangeweza kumfaa na mume wake. Mambo makubwa ni matatu. La kwanza, sifu hatua ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. La pili, usilolitaka usilijibu, kwa maana hata hasira ni jibu. La tatu, badala ya kukataza, fundisha tendo lisiloweza kwenda pamoja na lile baya. Mfunzaji mmoja hakutaka korongo watue kichwani mwake, basi akawafundisha kutua kwenye mikeka.

Mimi nina bwana na watoto wawili. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja: alichelewa bila kutoa habari, bukari inapoa, nami nampokea mlangoni kwa maneno makali. Niliposoma Skinner nilijiuliza: nilikuwa namwadhibu kwa tendo gani? Si kwa kuchelewa. Nilikuwa namwadhibu kwa kufika.

Nikabadilisha. Siku alipotuma mesaji ya maneno mawili, "Nachelewa kidogo", nilijibu mara moja: "Aksanti kwa kuniambia, sasa nimetulia." Alipofika bila habari, nilimpa chakula na sikutaja saa. Baada ya majuma matatu, mesaji zilikuwa zinakuja karibu kila siku.

Lakini jambo la pili lilinishinda. Mfunzaji wa pomboo akisimama kimya sekunde chache, kwa pomboo huko ni kukosa samaki tu. Kwa binadamu kimya ni lugha. Usiku mmoja bwana aliniuliza, "Mbona umenuna?" Sisi tunaosoma lugha tungepaswa kulijua hili mapema: mnyama hupokea ishara, mtu hutafuta nia iliyo nyuma yake.

Kisha akakuta daftari langu mezani. Akasoma habari za panya, na chini yake habari zake mwenyewe, siku kwa siku. "Kumbe zile aksanti zote zilikuwa ndizi?" Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. Nilimjibu kweli: juma la kwanza, ndiyo, zilikuwa ndizi. Lakini kwa kutafuta la kumshukuru, nilianza kuona niliyokuwa siyaoni: maji aliyochota kabla ya alfajiri, watoto aliowaogesha nikiwa nasoma. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Ungeniambia."

Alikuwa na haki. Panya buku hawezi kuombwa ruhusa, bwana anaweza. Ndiyo sababu naweka mipaka mitatu. Mbinu hii isifanywe kwa siri. Shukrani itaje tendo, maana "aksanti kwa kunipigia simu" inafundisha kuliko "wewe ni mtu mzuri". Tena, makosa mazito hayanyamaziwi: anayepigwa, au anayeona pesa ya shule ikiishia kwenye pombe, asingoje hatua ndogo za kusifu. Aseme, na atafute msaada.

Sasa tumekubaliana kwamba kila mmoja anamfunza mwenzake, wazi wazi. Juzi nilichelewa maktaba bila kutoa habari. Nilikuta bukari yangu imefunikwa. Akasema "karibu", basi. Kesho yake nilituma mesaji mapema. Akajibu: "Aksanti, Mama. Ndizi iko mezani."

Na kweli ilikuwapo.