NYUZI ZA NYAVU IFAKARA: MNUNUZI AANGALIE MAJI KABLA YA BEI

Mvuvi anayeingia dukani Ifakara kununua wavu kwa kawaida huulizia ukubwa wa macho na bei, akalipa akaondoka. Unene wa uzi hauulizi, na hapo ndipo mtaji wa msimu mzima unapookoka au kuzama katika mto Kilombero.

Lebo ya bando husomeka 210D/6, 210D/9 au 210D/12. Namba ya kwanza ni ya uzi mdogo: mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 210. Ya pili, ambayo wauzaji huiita plai, ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Kwa wavu wa vipimo vilevile, plai 12 ina nailoni takriban mara mbili ya plai 6, na tofauti ya bei inatoka huko.

Ughali huo si ubora kwa kila mtu. Anayetega perege kwenye mabwawa yanayobaki bondeni mafuriko yakishapungua ana maji yaliyotulia, na plai 6 inamfaa kuliko plai 12. Uzi mwembamba ni laini, samaki hauoni upesi, na humshika vizuri kwenye matamvua. Kumuuzia mtu huyo uzi mnene ni kumpunguzia kitoweo.

Mambo hugeuka kwa anayetega mto wenyewe, hasa Machi hadi Mei. Kuna visiki, magogo yanayoshuka na mkondo, kambale wazito, na mamba anayefuata samaki aliyekwisha kunasa. Plai 6 hapo inaweza kuwa hasara ya usiku mmoja. Plai 9 au 12 hupata samaki wachache zaidi kwa usiku, lakini asubuhi wavu upo. Wacheza tenisi nao wana hesabu hiyohiyo katika nyuzi za raketi: mwembamba huushika mpira vizuri, mnene hudumu.

Uzi usijaribiwe mkavu. Nailoni hupungua nguvu ikilowa, na fundo huipunguza zaidi. Mnunuzi achukue kipande, akifunge fundo, akiloweshe, ndipo avute. Bando lililokaa barazani juani liachwe hata likipunguzwa bei, maana jua huila nailoni kabla macho hayajaona dalili.

Kuna pia nyavu za uzi usiosokotwa, zinazong'aa kama kioo, ambazo Kanda ya Ziwa huitwa timba. Zinanasa sana na bei yake huvutia. Hata hivyo Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilizipiga marufuku, na mwenye kukamatwa nazo hupoteza wavu na fedha pamoja. Kuhusu ukubwa wa macho unaoruhusiwa, afisa uvuvi wa halmashauri aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni, na uzi wa kushonea ununuliwe siku hiyohiyo, wa plai ileile ya wavu.