Programu za Aljebra na Walimu wa Chang'ombe

Mwaka 2005, Chuo cha Ualimu Chang'ombe, wilayani Temeke, kilipandishwa hadhi na kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayesoma hisabati hapo leo, kesho atasimama mbele ya darasa la Mbagala, Kasulu au Tandahimba. Ndiyo maana programu za kompyuta zinazofanya aljebra, ambazo wengi hudhani ni za watafiti wa ng'ambo tu, mimi naziona kuwa jambo la Chang'ombe kabla ya kuwa la mahali pengine nchini.

Kikokotozi anachoingia nacho mwanafunzi wa kidato cha sita kwenye mtihani wa hisabati hufanya kazi kwa desimali. Ukikiomba kipeuo cha pili cha 2, kitakuandikia 1.414213562. Zidisha namba hiyo yenyewe kwa yenyewe kwenye karatasi na hutapata 2 kamili. Programu ya aljebra huiacha √2 ibaki √2, ikiitambua kwa sifa yake: ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2. Theluthi hubaki theluthi, na herufi x hubaki x bila kudaiwa thamani. Kwa msingi huo hutafuta vigawo vya polinomia, hutatua milinganyo na kufanya kalkulasi, na majibu yake si ya kukadiria.

Watafiti waliona faida yake mapema. Mwanaastronomia wa Ufaransa, Charles-Eugène Delaunay, alitumia takriban miaka 20 kuandika kwa mkono milinganyo ya mwendo wa mwezi, akaichapisha katika majuzuu mawili, 1860 na 1867. Mwaka 1970 watafiti watatu waliirudia kazi hiyo kwa kompyuta katika muda wa saa 20 hivi. Walikuta makosa matatu tu, mawili yakiwa yamezaliwa na lile la kwanza. Habari hii hunifanya nimheshimu Delaunay zaidi. Lakini miaka 20 ya mtu mwenye akili kama ile ingeweza kwenda kwenye maswali mengine.

Darasani faida ni ya namna nyingine. Chukua polinomia xⁿ − 1 na uivunje vigawo. Kwa n = 2 ni (x − 1)(x + 1). Kwa n = 3 ni (x − 1)(x² + x + 1). Endelea hadi 10, hadi 20, nawe utaona kuwa kila kigawo, kikishavunjwa hadi mwisho, namba zinazotangulia herufi zake ni 1, 0 au −1 tu. Mwanafunzi anayefanya kwa mkono atachoka kabla ya 30 na kuapa kuwa hiyo ni kanuni. Mpe programu: 50 inakubali, 80 inakubali, 104 bado. Kwenye 105 kinatokea kigawo kirefu chenye kipeo cha 48, na ndani yake mara mbili imekaa −2.

Kwa nini 105? Kwa sababu ni 3 × 5 × 7, namba ndogo kuliko zote iliyo zao la namba tasa tatu tofauti zilizo witiri. Mwaka 1883 mwanahisabati Migotti alithibitisha kuwa namba tasa mbili za namna hiyo hazitoshi kuivunja kanuni, na kwamba −2 ipo kwenye 105. Mashine imeonyesha mahali. Sababu imetoka kwa mtu aliyekaa akafikiri. Sijui somo jingine fupi kama hili linalomfundisha mwalimu mtarajiwa tofauti kati ya mifano mingi na uthibitisho.

Sasa tazama programu iitwayo Maxima. Iagize itafute intigro ya xⁿ. Kabla ya kujibu itakuuliza: je, n ni sawa na −1? Inajua kuwa kanuni ya kuongeza kipeo kwa 1 na kugawa kwa kipeo kipya huvunjika hapo, kwani ungegawa kwa sifuri. Jibu linakuwa logi asilia ya x. Wanafunzi wengi huikariri kanuni hiyo na kusahau sharti lake. Hapa hawawezi kusonga mbele bila kulijibu swali hilo.

Lakini programu hiyohiyo, ukiipa mlinganyo ax = b, itajibu x = b/a na kunyamaza. Haitasema neno kuhusu a ikiwa sifuri. Anayeiamini kwa upofu ataumia hapo, na mwalimu asiyeyajua masharti hataweza kumsaidia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kuwa programu hizi zinapunguza haja ya kujua aljebra. Zinaiongeza.

Gharama si kisingizio. Mathematica na Maple zina leseni za kulipia, lakini Maxima ni ya bure. Chimbuko lake ni Macsyma, mradi ulioanza mwaka 1968 katika chuo cha MIT, Marekani. Profesa William Schelter wa Texas aliitunza kwa miaka mingi, na mwaka 1998 akapata kibali cha kuitoa kwa umma. Ipo hata ya simu za Android, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila bando. Sage, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, nayo ni ya bure na ina mambo mengi zaidi ya utafiti.

Kinachobaki ni maswali tunayotunga. Mtihani unaosema tu "tafuta intigro" hupima kazi ambayo simu inaifanya papo hapo. Wahadhiri wa Chang'ombe, na walimu wa kidato cha tano na sita popote mlipo, ongezeni swali la namna hii: mpeni mwanafunzi jibu lililotolewa na programu, kisha aeleze ni kwa thamani zipi jibu hilo halifai, na kwa nini. Anzeni na ax = b.