Hakuna Anayekuficha Umeme wa Bure

Wiki haipiti bila mtu kunitumia video ya kifaa cha ajabu. Mara ni taa inayowaka kwa uzito wa jiwe linaloshuka taratibu, mara kiatu kinachochaji simu, mara simu inayojaza betri yake kwa mawimbi ya redio yaliyotanda hewani. Video hubadilika, swali halibadiliki: “Mhandisi, kwa nini makampuni makubwa yanatuficha kitu hiki?” Nimeulizwa na wanafunzi, na mafundi wa simu, na watu wazima wenye shahada zao. Swali ni baya kwa sababu limelivuka lile linalotangulia: je, kifaa chenyewe kinaweza kufanya kazi?

Tuanze na taa ya jiwe. Mwaka 2008, Clay Moulton wa chuo cha Virginia Tech nchini Marekani alibuni taa aliyoiita Gravia, mnara mwembamba wenye kimo cha takriban mita 1.2. Unapandisha juu uzani wa kilo 23 hivi, unauachia ushuke polepole ndani ya mnara huku ukizungusha jenereta, na LED zinatoa mwanga wa lumeni 600 hadi 800 kwa saa nne. Mchoro ulipendeza mno. Ulipata nafasi ya pili kwenye shindano la Greener Gadgets mjini New York, na habari zikaenea duniani kote. Majaji hawakuzidisha namba tatu.

Tuzidishe sisi. Kilo 23 mara 9.8 mara mita 1.2 ni juli 270. Hiyo ndiyo nishati yote iliyomo kwenye jiwe hilo likiwa juu. Hakuna nyingine iliyojificha humo. Saa nne ni sekunde 14,400, kwa hiyo taa ingepata wati 0.019. LED nzuri hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati, basi lumeni 600 zinahitaji wati 6. Pengo ni zaidi ya mara 300. Ili Gravia iwake ilivyoahidiwa, jiwe lile lingepaswa kuwa na tani saba, nawe ulinyanyue kwa mkono kila jioni.

Hapo kuna atakayesema LED zitaboreshwa. Zitaboreshwa, lakini zina kikomo. Hata chanzo kamilifu kisichopoteza chochote, kinachotoa rangi ya kijani ambayo jicho la binadamu huihisi zaidi, hakiwezi kuzidi lumeni 683 kwa wati moja. Kwa wati 0.019 unapata lumeni 13, za kijani. Moulton mwenyewe, hesabu zilipowekwa hadharani, alikubali kwamba kwa LED zilizokuwapo haiwezekani. Hiyo ni heshima kwake. Wanaoendelea kusambaza picha zake kama ushahidi wa njama hawana heshima hiyo.

Sasa sikilizeni habari ya taa ya jiwe iliyotengenezwa kweli, kwa sababu inavunja kabisa dai la kufichwa. Mwaka 2012 wabunifu wawili wa London, Martin Riddiford na Jim Reeves, walitangaza GravityLight. Lengo lao lilikuwa kuwaondolea watu moshi wa kibatari. Walipiga hesabu kabla ya kuchora. Mfuko unajazwa mawe au mchanga hadi kilo 12, unapandishwa mita 1.8, unashuka kwa dakika 20, na wakati huo unapata takriban sehemu ya kumi ya wati. Mwanga wake ni mdogo: unamfaa mtoto anayesoma, si sebule nzima. Waliomba umma uwachangie dola 55,000 kupitia mtandao wa Indiegogo, wakapata karibu dola 400,000. Baadaye taa hiyo ilipelekwa Kenya, ikaonyeshwa vijijini na ikaunganishwa nchini humo. Ni uficho gani huo unaotangazwa mtandaoni na kuzungushwa vijijini?

Na hata hiyo taa ya kweli haiwezi kuchaji simu yako. Betri ya simu janja ya mAh 5,000 hubeba takriban juli 69,000. Mfuko wa kilo 12 ukishuka mita 1.8 hutoa juli 212. Ungeunyanyua zaidi ya mara 320, na hapo nimechukulia kwamba hakuna kinachopotea kwenye gia wala kwenye jenereta, jambo ambalo halijawahi kutokea. Juli 69,000 ni kazi ya kumpandisha mtu wa kilo 70 hadi kimo cha mita 100, ghorofa ya 30 hivi. Tunaidharau betri kwa kuwa ni nyembamba na inakaa mfukoni. Umeme ukiwa ukutani ni rahisi kupatikana, basi tunadhani ni kitu kidogo. Si kidogo.

Kiatu nacho kina wafuasi wengi, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo. Ni kweli kwamba kuna fuwele na seramiki ambazo zikibanwa hutoa umeme. Ni kweli pia kwamba soli ya kiatu hubanwa kila hatua. Watafiti wa maabara ya Media Lab ya MIT walilichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa, na mwaka 2001 walitoa matokeo ya kiatu kilichotengenezwa kwa uangalifu mkubwa: miliwati 8.4 kwa mwendo wa kawaida. Gawanya. Kwa kiatu kimoja ungetembea siku 95, usiku na mchana bila kupumzika, ili ujaze simu ile niliyoitaja. Kwa viwili, siku 48. Lakini simu ikiwa imelala mfukoni tu hutumia zaidi ya miliwati hizo, maana yake haitajaa kamwe. Watafiti wale hawakushindwa. Walikuwa wanatafuta umeme wa vihisio vidogo na vitambulishi vya redio, na kwa kazi hiyo miliwati nane zinatosha. Anayekuonyesha simu ikichajiwa na kiatu amechukua ukweli mdogo akauvika uongo mkubwa.

Dai la mawimbi ya redio ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa mnara tunauona na tunajua unatoa nguvu nyingi. Unatoa, ila nguvu hiyo inasambaa pande zote, na unapoongeza umbali mara mbili inapungua mara nne. Simu yako inapoonyesha mtandao mzuri, antena yake huwa inapokea kiasi cha sehemu ya bilioni ya wati. Sehemu ya bilioni! Inatosha kubeba sauti na maneno kwa sababu vipokezi vya kisasa ni vyepesi ajabu kuhisi, si kwa sababu hewa imejaa umeme wa kuvuna. Zile stika na chipu zinazouzwa mitaani na mitandaoni, za kubandika nyuma ya simu ili “ivute chaji hewani”, ni utapeli mtupu. Aliyekuuzia anajua, au hajui chochote.

Rudi basi kwenye njama. Kampuni inapotaka kumiliki uvumbuzi huomba hataza, na hataza kwa sheria hutolewa kwa sharti la kueleza kifaa kinavyofanya kazi. Maelezo hayo huchapishwa na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Isitoshe, watengenezaji wa simu wanachinjana sokoni. Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, walijijenga Afrika kwa kuweka betri kubwa na laini mbili. Wangeweza kuuza simu inayojichaji kwa kutembea, wangekuwa wameshaiuza jana, na Kariakoo ingekuwa imeshatoa nakala yake. Nokia walitangaza chaja ya baiskeli mjini Nairobi mwezi Juni 2010: ilianza kuchaji ukifika kilomita 6 kwa saa, na dakika 10 za kuendesha kwa kilomita 10 kwa saa zilikupa dakika 28 hivi za maongezi. Hawakuificha. Ilifanya kazi kwa sababu miguu ina nguvu kweli, na kwa sababu simu za wakati ule zilikula kidogo sana.

Hapo ndipo penye siri, kama mnataka siri. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis, baada ya kutazama kipindi kuhusu UKIMWI Afrika na ugumu wa kuwafikishia watu habari, alibuni redio ya kuzungushwa kwa mkono. Mfano wake wa kwanza ulicheza dakika 14 kwa kuzungushwa dakika mbili, na miaka michache baadaye redio hizo zikawa zinatengenezwa Cape Town. Baylis hakugundua nishati mpya. Alitambua kwamba redio ya transista ina mahitaji madogo kiasi kwamba mkono unaweza kuyatosheleza. Mbunifu makini huanza na mahitaji ya kifaa, kisha ndipo anatafuta chanzo.

Msinielewe kwamba nachukia michoro ya vifaa ambavyo havijakuwapo. Mwaka 1972 Alan Kay alieleza kompyuta bapa ya watoto, Dynabook, ambayo hakuna kiwanda kingeweza kuitengeneza wakati ule, na wazo lake likaongoza kazi ya wengi hadi tukafika kwenye tableti. Mwaka 2008 Nokia na Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha Morph, simu ya kukunjika. Simu za kukunjika zilianza kuenea madukani mwaka 2019. Ndoto hizo zilisubiri kiwanda. Gravia inasubiri dunia yenye mvutano mwingine.

Kwa anayehitaji chaji leo, haya kwa haraka. Nunua paneli ya sola ya wati 10 yenye jina la mtengenezaji na dhamana. Siku ya jua zuri itajaza simu moja na kubakiza ya taa. Iweke paneli juani na simu kivulini. Pawabanki ya mAh 20,000 hujaza simu ya mAh 5,000 mara mbili na nusu hivi, si mara nne. Iliyoandikwa mAh 50,000 lazima ikaribie kilo moja, kwa hiyo ikiwa nyepesi mkononi, iache dukani. Chaja ya kuzungusha kwa mkono ni ya dharura, kupiga simu moja tu. Ukionyeshwa kifaa kipya, uliza kinatoa wati ngapi na kwa muda gani. Asiyeweza kujibu usimpe pesa, na wala usilipe kabla kwa kitu ambacho umeona picha yake ya kompyuta pekee.

Nanyi walimu wa fizikia, mnapofundisha kazi, nishati na nguvu, acheni ule mfano wa sanduku kwenye mteremko. Wapeni wanafunzi namba za Gravia, kilo 23, mita 1.2, saa nne, muwaambie waandike kama wao, wangekuwa majaji, wangeipa tuzo.