Kitenzi "Kula" na Kiapo cha Bibi

Nawaletea maneno machache juu ya kitenzi "kula", kwa maana mwaka jana kilitutia taabuni.

Bibi yangu, ambaye lugha yake ni Kikuria na Kiswahili chake ni kidogo, aliitwa mahakamani Tarime kutoa ushahidi juu ya ng'ombe wa jirani walioibwa. Alipoambiwa, "Mama, kula kiapo," aliuliza, "Nile kitu gani?" Watu wakaangua kicheko. Bibi akaona haya, akataka kurudi nyumbani. Na shahidi alikuwa yeye peke yake! Nikaruhusiwa kumweleza kwa Kikuria kwamba hapo haliwi kitu: kula kiapo ni kuapa tu. Ndipo akasema yote aliyoyaona.

Vivyo hivyo, waliokula njama wamepatana kwa siri kutenda ubaya; mzee aliyekula chumvi nyingi ameishi miaka mingi; na mfanyabiashara akila hasara, fedha zake ndizo zilizoliwa. Kutu hula chuma. Katika bao, kula kete ni kuziteka (mdogo wangu hunila kila jioni). Katika hao wote, mla rushwa ndiye peke yake ashibaye.

Siku hizi bibi akinikaribisha chakula huniuliza kwanza, "Ugali au kiapo?"